Ubani wa Darasa la Saba

Sanda ya Bi Tunu haikufukizwa. Kwa mtu wa kwingine hilo si neno, lakini pale Ujiji maiti haitoki ndani bila harufu ya ubani, na marehemu mwenyewe zamani ndiye aliyekuwa mfukizaji wa mtaa mzima. Maharusi, wazazi waliotoka kujifungua, nyumba mpya, sanda za watu, vyote vilipita kwenye moshi wake. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa wanawake chumbani tukingoja waoshaji wamalize, mjukuu wake akaingia na chetezo, makaa yamekolea. Binti wa marehemu akamzuia. "Rudisha jikoni," alimwambia. "Mama alikataza. Alisema hata akifa." Vijana wakatazamana wasielewe. Wale wa umri wangu tuliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa na mlango, kama nilivyo popote ninapokwenda, tabia iliyonipa jina la Mama Madirisha shuleni ninakofundisha. Walimu wenzangu hunitania kwamba nikifika peponi nitaanza kuuliza madirisha yako wapi, nami huwaacha wacheke, maana si kila kicheko kinahitaji kujibiwa.

Ulikuwa mwaka wangu wa darasa la saba. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita, nchi yao ilikuwa ikiitwa Zaire tulipofungua shule Januari, na kabla hatujafanya mtihani wa mwisho ilikwisha badilika jina. Shule yetu ilikuwa kwenye mteremko juu ya ufukwe, na darasa la saba lilikuwa jengo la mwisho upande wa ziwani. Kila asubuhi tuliona boti zikishusha watu: mama na sufuria kichwani, mzee aliyebeba mlango wa nyumba yake sijui kwa nini, watoto walionyamaza mno kwa umri wao. Walikaa kwenye uwanja wetu wa mpira chini ya maturubai wakingoja malori ya kuwapeleka makambini, wengine siku chache, wengine hadi mahindi ya watu yakakomaa. Vyoo vilichimbwa golini. Sisi watu wa Ujiji hatuwezi kusema wale walikuwa wageni tusiowajua, kwani nusu ya mji una shangazi, mjomba au kaburi huko ng'ambo. Bi Tunu alishuka ufukweni asubuhi baada ya asubuhi akilitaja jina la kaka yake kwa sauti kubwa, mpaka siku moja mwanamke mmoja akainuka na kusema, "Huyo ni bwana yangu. Hakufika." Mwanamke yule alikwenda kambini na watoto wadogo. Mkubwa, Riziki, akamwachia wifi yake ili amalize darasa la saba, kwa kuwa kambini wakati ule kulikuwa hakuna shule, kulikuwa na foleni tu.

Riziki aliwekwa dawati langu. Alikuwa mrefu, mwenye shingo nyembamba, na alikaa wima mabega yakiwa yamepanda kidogo, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Tulimcheka Kiswahili chake wiki nzima. Mwalimu akiuliza swali alijibu, "Miye naiyua, mwalimu," darasa likaanguka, naye akacheka pamoja nasi bila kinyongo, kisha akapata hesabu zote. Nilimpenda kwa hilo. Mimi nilikuwa mtoto wa hasira, nikitaniwa napigana, na sikuwahi kuona mtu anayeweza kuchekwa na asipungukiwe na kitu. Alikuwa na nia moja tu mwaka ule, na aliisema bila haya: afaulu, aende sekondari, amtoe mama yake kambini. "Nikikosa dawati hii," aliniambia, "basi miye nimekwisha."

Dawati hilo lilikaribia kumponyoka mwezi wa tatu. Kulikuwa na kuhara mtaani, na habari za kipindupindu zilikuwa zikipita sokoni kila siku na sura mpya. Wazazi wakaitisha kikao darasani kwetu, sisi tukafukuzwa, na bila shaka tukaenda kukaa chini ya madirisha kusikiliza. Upande wa ziwani darasa lilikuwa na madirisha mapana mawili yenye wavu wa waya tu, bila mbao, na upepo wa ziwa ulikuwa ukipita humo mchana kutwa. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Idrisa, ndiye aliyefungua maneno. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika mjukuu wake kwa kuhara mwaka uliotangulia, na hofu yake ilikuwa na jina na kaburi.

"Upepo unatoka uwanjani kwenye vyoo vyao, unaingia humu, watoto wetu wanaumeza," alisema. "Na wale watoto wa ng'ambo mliowaingiza darasani, nani kawapima? Mimi nasema watoke. Kinga ni bora kuliko tiba."

"Mzee, ni watoto sita tu shule nzima," alisema Mwalimu Bukuru, mwalimu wetu mkuu, Muha wa Kasulu, mtu mpole aliyechoka. "Na kipindupindu hakiji na upepo. Kinakuja na maji na uchafu wa mikono."

"Wewe umesoma, mwalimu, hatubishi. Lakini mimi nimezika."

Ndipo tukasikia sauti ya Bi Tunu, ile sauti yake nzito ya kuimbia maharusi. "Jamani, hao watoto ni damu yetu. Riziki ni mwana wa kaka yangu, tumbo moja. Tusiwatoe. Zibeni madirisha hayo ya ziwani kama mnaona upepo ni mchafu, na mimi kila siku alfajiri, kabla watoto hawajaingia, nitalifukiza darasa kwa ubani wangu na majani ya mkaratusi. Sitaki shukrani. Tangu lini ugonjwa ukakaa na ubani?" Tulisikia watu wakiguna kukubali. Riziki, aliyekuwa amechuchumaa pembeni yangu, alinishika mkono akaubana. Shangazi yake alikuwa amemnunulia dawati.

Matofali ya udongo yakapangwa madirishani siku ya pili yake, yakakandikwa tope. Vijitundu vya hewa vilivyokuwa juu karibu na bati navyo vikasokomezwa magunia, kwa sababu mzazi mmoja alisema ugonjwa hauchagui mlango. Madirisha ya upande wa barazani yalikuwa na mbao, na hayo yakawa yanafungwa asubuhi ili dawa isitoke, halafu kiangazi kilipofika yakawa yanafungwa kutwa, kwani malori yalipita hapo na vumbi jekundu lilikuwa likitua kwenye madaftari. Kwa hiyo tulibaki na mlango. Tulikaa wawili au watatu, wanne kwenye madawati ya nyuma, bati juu yetu likiwaka jua. Kufikia saa nne hewa ilikuwa nzito, ina jasho, ina mihogo tuliyokula asubuhi, ina harufu tamu ya ubani iliyoganda ukutani. Ubao hukuuona vizuri kwa giza. Wavulana walilala. Mwalimu Bukuru aliwapiga viboko kwa uvivu, kisha siku moja na yeye akalala, kichwa juu ya meza, mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Tulidhani ni uchovu wa kuwa darasa la saba. Kila mtu aliumwa kichwa, na mtu akiumwa kichwa pamoja na wenzake wote hudhani ndivyo vichwa vilivyo.

Halafu kikaja kikohozi. Tulikohoa wote, lakini kikohozi cha Riziki kilikuwa cha aina yake, kikavu, chenye mluzi ndani, na baada ya kukohoa alivuta pumzi kama anayenyonya uji mzito kwa mrija. Alikuwa akijikaza sana. Alijua kwamba mtoto wa ng'ambo akikohoa si kikohozi, ni ushahidi. Nilipoona anaanza kufura mashavu kwa kukizuia, nilikuwa nakohoa mimi kwa nguvu, na rafiki zetu wa dawati la mbele wakadaka, darasa zima likalipuka, na ndani ya kelele zile yeye akakohoa chake kwa raha. Mwalimu alifoka tukaona ni mchezo mzuri. Wazazi, kwa upande wao, walisikia kwamba darasa la saba linakohoa lote. Wakaziba ufa uliokuwa juu ya mlango. Bi Tunu akaongeza ubani.

Jioni nilikuwa nikienda kusoma na Riziki nyumbani kwa Bi Tunu, nyumba ya udongo yenye ua wa matete nyuma ya msikiti. Tulisomea uani. Bi Tunu alikuwa akitukaangia samaki wa migebuka kwa mawese, ugali wa muhogo ukiwa umefunikwa kwa sahani, na majirani walikuwa wakipita kusimama mlangoni na kuzungumza mambo ya watu. "Shikamoo Bi Tunu, huyo binti yako kikohozi hakijamwacha?" Naye alijibu haraka, "Marahaba, baridi ya ziwa hiyo, hajazoea." Wakiondoka alimwangalia mtoto kwa jicho la wasiwasi. Kabla ya kulala alimkalisha juu ya kigoda, akamfunika blanketi zito na sufuria ya mkaratusi unaofuka kati ya miguu, na chetezo pembeni. "Vumilia, mwanangu. Dawa ya moto ni moto." Riziki alikuwa akitoka humo macho mekundu, hoi, na Bi Tunu alimpangusa uso kwa kanga yake mwenyewe. Uani, baada ya muda, alikuwa akipumua vizuri. Aliniambia siku moja, akiwa ameegemea matete, "Hapa inje niko sawa. Kwetu mama alikuwa ananilazaka karibu na mlango." Nilimuuliza kwa nini hamwambii shangazi. Alicheka. "Nilimwambia. Alisema hapa mlango uko na mbu."

Nimefika umri ambao watu huniuliza nimejifunza nini, na mara nyingi sina jibu la kuridhisha. Nikiingia darasa jipya nafungua madirisha kabla sijasalimia. Nimegombana na wakuu wa shule wanaopigilia mbao kwa hofu ya wezi, nimegombana na wakandarasi wanaojenga madirisha mafupi kuokoa vioo, na mara moja niligombana na kamati nzima mpaka nikahamishwa, na hasira ile sijaijutia hata kidogo. Lakini nikikaa peke yangu najua kwamba sisi hatukuzibwa na wezi wala wakandarasi. Tulizibwa na watu waliotupenda. Mzee Idrisa alikuwa akipita kila Ijumaa kukagua matofali kama yamepasuka, na akiona ufa alikuwa akipiga magoti na kanzu yake nyeupe kuukandika kwa mikono, kwa ajili yetu. Hofu yao ilitazama nje tu, na kila ilipotazama nje ilitupa kisogo sisi tuliokuwa ndani. Mpaka leo nashindwa kuwachukia, na kushindwa huko kunaniuma kuliko chuki.

Siku ya mtihani wa majaribio Bi Tunu aliamka mapema kuliko siku zote. Ilikuwa siku kubwa. Atakayeshindwa majaribio hakuwa na haja ya kujisumbua na wa mwisho, ndivyo alivyotuambia mwalimu. Tulimkuta bado yuko ndani, ameweka vyetezo viwili badala ya kimoja, kimoja chini ya ubao na kimoja nyuma, moshi mweupe umesimama hadi kifuani. "Kimoja cha kinga, kimoja cha baraka," alisema akicheka, na akamshika Riziki kichwani akamwombea. Alitaka viendelee kuwaka ili baraka isikatike katikati ya mtihani. Mwalimu Bukuru alisita, nilimwona, akaangalia vile vyetezo, halafu akaangalia saa. Nje malori yalikuwa yakiunguruma na watu wanaitana majina. Akafunga mbao, akafunga na mlango. "Atakayetoka harudi," alisema. Akagawa karatasi.

Nakumbuka swali la kwanza lilikuwa la sehemu za desimali. Nakumbuka kichwa changu kikigonga kama kinu, na maandishi yakisogea. Mvulana mmoja nyuma alitapika, akaambiwa anyamaze. Riziki alikuwa akiandika haraka mno, mbio, kama mtu anayefua nguo na mvua inakuja. Mluzi wa kifua chake nilikuwa nausikia juu ya kalamu zote. Kisha ukapungua, nikafikiri amepata nafuu. Nilipogeuka, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na shimo la shingo yake lilikuwa likizama kila alipovuta.

"Toka nje," nilimnong'oneza.

Alitikisa kichwa. "Nikitoka... banasema... ni ugonjwa."

"Toka, Riziki!"

Aliinamia karatasi akaandika jibu jingine. Halafu bega lake likaja juu ya langu, taratibu, nikadhani ananisogelea kuniambia neno, na uzito wote ukafuata. Nilipiga kelele ambayo bado naisikia. Mwalimu Bukuru aliupiga mlango teke, akambeba, na watoto wakamiminika nyuma yake wakijikwaa, wengine wakaanguka barazani wakitapika, wengine walilala tu juani kama waliokatwa kamba. Upepo ulikuwa mwingi nje siku ile. Ulikuwa ukipeperusha sketi zetu. Mwalimu alimkalisha Riziki uso ukielekea ziwani, akawa anampepea kwa karatasi za mtihani huku akiomba kwa Kiha, kisha akampakia kwenye baiskeli ya mtu, mtu huyo akisukuma na yeye akimshikilia. Walipofika zahanati alikuwa amekwisha fariki.

Daktari wa zahanati hakuzungusha maneno. Bi Tunu mwenyewe alikuwapo, amekimbia bila viatu. Daktari alimwambia, "Mama, huyu alikuwa na pumu. Moshi ulimfunga kifua na hewa hapakuwa. Hata wenzake waliokuwa wazima wameponea chupuchupu, makaa yanaua kwenye chumba kilichofungwa. Nani aliweka moto mle ndani?" Bi Tunu alivua mtandio akamfunika mtoto miguu.

Lakini maneno ya daktari yalibaki zahanati, na maneno ya mtaani yakatangulia msibani. Kufikia tulipotoka kuzika, kila mtu alikuwa na uhakika. Mtoto wa ng'ambo amekufa, na darasa zima limetapika. Ushahidi gani tena? Wanaume walikuwa wamekaa barazani kwa Bi Tunu, wanawake tumo ndani, mlango wazi kati yetu. Mzee Idrisa alisoma dua, akatoa pole, akalia kweli, kisha akasema kwa upole, "Mungu amrehemu. Lakini jamani tulisema. Sasa tuwanusuru waliobaki. Wale watano wa ng'ambo kesho wapande lori, na darasa lizibwe hadi chini ya mlango." Watu wakaitikia. Mwalimu Bukuru alijaribu kunena, akaulizwa aliyefunga mlango ni nani.

Bi Tunu aliinuka katikati yetu. Mfiwa hatoki kwenye mkeka siku ile, na mwanamke hasimami barazani mbele ya wanaume wanaoomba dua, lakini alitoka, akasimama kwenye kizingiti, kichwa wazi.

"Mwanangu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza," alisema. "Alikuwa na pumu. Daktari kaniambia uso kwa uso. Msimsingizie maiti, na msiwafukuze wale watoto kwa jina lake. Aliyemuua ni mimi. Nimemuua kwa ubani."

"Tunu, kaa chini, una majonzi," alisema Mzee Idrisa.

"Sikai. Semeni mtaani kote kwamba Tunu kamuua mtoto wa kaka yake. Semeni. Ila yale matofali mkayatoe leo, jua likiwapo."

Wakayatoa. Mzee Idrisa ndiye aliyeanza, akipiga kwa mpini wa jembe na kanzu ile ile ya msibani. Wale watano walibaki shuleni. Na mtaa ukamtii Bi Tunu kwa yote mawili aliyoagiza, kwani tangu siku hiyo hakuna bibi harusi aliyepelekwa kwake, hakuna sanda, na akina mama waliwavuta watoto wao wakipishana naye njiani. Aliishi na neno lake mwenyewe miaka yote hiyo, na sikumsikia hata mara moja akilipunguza. Mtihani wa mwisho niliufanya Septemba, dawati zima likiwa langu. Madirisha yalikuwa wazi, upepo wa ziwa ukawa unaniinulia karatasi, nikawa naandika kwa mkono mmoja na kuishikilia kwa mwingine, nafasi iliyo kando yangu ikiwa tupu.